Salamu Zangu za Asubuhi Zilikuwa Ugonjwa

Mtaani kwetu Buzebazeba, Kigoma, nilijulikana kama mwanamke mwenye adabu kuliko wote. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi, kabla sijafagia uwanja wangu, nilikuwa nimekwisha kupita nyumba sita au saba kusalimia. Nilibisha hodi, nikakunja magoti kama tulivyofundishwa, nikapiga makofi taratibu, nikauliza wazee wameamkaje na watoto wamelalaje. Sikuondoka mpaka niwe nimewaona wote kwa macho yangu. Wazee walinitolea mfano kwa binti zao. Mama mkwe wangu, ambaye kumsikia anamsifu mtu ni kazi, aliwaambia watu wa kijijini kwake Ilagala kwamba mwanawe ameoa kweli.

Adabu ile yote ilikuwa ugonjwa. Nyumba nilizozipitia ni zile ambazo mtu wake alikuwa amekula chakula changu jana yake, na nilichokifuata huko ni kuhakikisha kwamba hakuna aliyekufa.

Naandika haya nikiwa nimevuka pabaya. Nakuandikia wewe unayerudi mlangoni mara tisa kutazama kufuli, unayenawa mpaka ngozi inachanika, unayerudia sala kwa sababu neno moja huenda halikutamkwa sawasawa. Elimu ya udaktari sina. Nina habari ya muhogo, ya boti na ya mtoto wangu, na nitakueleza kama ilivyonitokea.

Huku kwetu ugali ni wa muhogo, na mihogo yetu mingi ni ile michungu, ambayo isipolowekwa vizuri inadhuru. Kila mtoto wa kike anafundishwa: menya, loweka siku tatu au nne mpaka ilainike, anika, twanga. Vipande hivyo vikavu, makopa, ndivyo vinatoa unga. Mama yangu hakuhesabu siku. Alibonyeza kwa kidole akajua. Mimi, nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, nilianza kuhesabu. Siku nne zikawa sita, sita zikawa kumi, mpaka mihogo ikaoza pipani na hata mbuzi wa jirani akaigeuzia kisogo.

Tena kwetu kuna desturi ya kuonja. Mwenye kuandaa huonja kwanza mbele ya mgeni, hasa pombe, ili mgeni aone hakuna kibaya kilichotiwa. Bibi yangu alifanya hivyo hata kwa chakula. Kwa hiyo nilipomega tonge la kwanza mbele ya wageni, walifurahi wakaona wamepokelewa kwa heshima. Tatizo ni kwamba baada ya kuonja nilikaa nikasubiri. Nilijisikiliza tumbo, nikajisikiliza kichwa kama kinazunguka. Robo saa ikapita, nusu saa, mchuzi wa mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, ukaganda mafuta juu. Mgeni mwenye njaa anavumilia heshima kwa kiasi, halafu anaanza kukumbuka shughuli zake.

Miaka hiyo ndiyo wakimbizi wa Burundi walikuwa wakimiminika tena kwenye fukwe zetu, wanapumzishwa siku chache kisha wanapelekwa makambini. Nilipata kazi ya kupika kwenye kituo cha kuwapokea, karibu na ziwa. Uji asubuhi, ugali wa mahindi na maharage mchana. Kazi ile niliipenda. Mtu anashuka na godoro kichwani na mtoto mgongoni, hajui analala wapi, na wewe unampa kikombe cha moto. Hakuna asiyependa kuwa mtu huyo.

Wiki ya tatu, mtoto mmoja aliyefika akiwa anaharisha tangu safarini alifariki kwenye kliniki ya kituo. Alikuwa amenyweshwa vijiko viwili vya uji wangu. Muuguzi alinieleza vizuri kwamba uji hauhusiki. Mama wa mtoto mwenyewe alinishika mkono akanishukuru kwa uji ule. Nilielewa yote. Na hili ndilo nataka ulijue mapema: mgonjwa wa namna yetu anaelewa kama watu wengine, ila shaka yake haishibi. Ukiipa jibu leo, kesho inarudi na bakuli.

Tangu siku hiyo nilionja kila sufuria mara tatu. Ulimi ukatoka vidonda kwa kuramba unga mbichi nikitafuta uchungu. Mikono nilinawa kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa sabuni tena, mpaka viungo vya vidole vikapasuka na chumvi ikawa adui yangu. Nilikonda. Pete ya ndoa ilidondoka kwenye beseni la maharage, nikaifunga kwenye kamba nikaivaa shingoni. Siku zangu za mwezi zikakatika miezi miwili, nikadhani nina mimba, na nilipogundua sina nilifurahi, maana ningemlisha nini.

Nilikwenda hospitali. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje tangu saa moja asubuhi ukiwa na ugonjwa usioweza kuutaja, nikuambie linavyokuwa. Jirani yako anasema ana malaria, wa pili anasema presha, halafu wanakugeukia. Mimi nilisema tumbo. Nikapimwa malaria, homa ya matumbo, sukari, vidonda vya tumbo. Majibu yote yalikuwa safi, nikalia mbele ya daktari. Alikuwa kijana mpole, akadhani nalia kwa furaha, akaniandikia vidonge vya kupata usingizi. Akina mama wa kanisani nao walikuja nyumbani kuniombea, kumi na mmoja. Niliwapikia chai. Kesho yake nilitembea mji mzima kuwasalimia wote kumi na mmoja.

Mume wangu, Filbert, ni fundi wa boti pale Bangwe. Mwanzoni alilichukulia kwa utani. Nikimuuliza anajisikiaje baada ya kula, anajibu, "Nimekula, sijafa, niongeze." Mwaka ulipokatika utani ukaisha. Nilimuuliza kabla ya kulala, nikamwamsha kumuuliza, nikamfuata kazini kumuuliza. Akaanza kurudi nyumbani akisema hana njaa. Mwanamke mwingine angenusa shati la mumewe akitafuta marashi. Mimi nilinusa mgebuka wa kukaanga wa mama lishe. Niliumia kuliko kama angekuwa na hawara. Tuligombana siku ile, akaniambia amechoka kula chakula kilichopoa akitazamwa kama maiti mtarajiwa.

Aliyeumia zaidi ni Yusta, mtoto wetu, wakati huo ana miaka sita. Yeye hakuwa na mama lishe wa kukimbilia. Nilimwekea chakula, nikaonja, nikamwambia asubiri, na mara nyingi baada ya kusubiri nilikimwaga chote nikaanza upya. Mwalimu wake aliniita akaniambia mtoto anasinzia darasani na anaomba wenzake viazi. Nguo za shule zilimpwaya. Mama mkwe alipokuja kututembelea alikaa siku mbili, akaona yote, hakufoka. Siku ya tatu alifunga nguo za Yusta kwenye mfuko.

"Nampeleka Ilagala," aliniambia. "Siku utakayoweza kumlisha, nitamrudisha."

Sikubishana naye, maana alikuwa na haki. Nilisimama barabarani mpaka gari lilipopotea, kisha nikarudi nikaosha sahani ya Yusta ambayo haikuwa imeliwa kitu. Tangu hapo nilikuwa na haja moja tu duniani, nayo ilikuwa kuweza kumlisha mwanangu.

Kituoni kulikuwa na mama mmoja mkimbizi aitwaye Spesioza. Kwao alikuwa muuguzi, na wakati akisubiri zamu yake ya kupelekwa kambini alijitolea kliniki. Alikuja jikoni kwangu kuchukua maji ya moto, na kwa kuwa alikunywa uji wangu, naye aliingia kwenye orodha yangu ya asubuhi. Siku moja nikamkimbilia, nikapiga makofi, nikamuuliza ameamkaje. Akanitazama.

"Nikikujibu leo, kesho utauliza tena?"

"Ndiyo," nikasema, sijui kwa nini nilimwambia kweli.

"Basi sikujibu. Sikunyimi, mama. Nakuonea huruma."

Hakuna aliyewahi kuninyima jibu. Akanikalisha kwenye gunia la maharage, akaniambia kwamba kwao alifanya kazi hospitali ya wagonjwa wa akili, na kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akifuta ubao mpaka mikono inatoka damu, mtu mwenye akili zake timamu kabisa. "Ego, ni ugonjwa," akasema, na "ego" kwao ni ndiyo. "Si pepo, si kurogwa. Una jina, na wako watu wanaoutibu huo tu." Jina lenyewe ni refu: mawazo yanayojirudia na vitendo vya kulazimika. Nililitamka mara mbili nikaona linanienea mwili mzima.

Kigoma hakukuwa na mtu wa kutibu huo tu, au kama yupo hatukumjua. Lakini Spesioza alikuwa na namba ya mwanasaikolojia aliyewahi kusoma naye kwa simu, Bi Zuhura, mtu wa Tanga anayeishi Arusha, anayewatibu wagonjwa wa hivi kwa njia ya mtandao. Alimwandikia, akaniombea nafasi miongoni mwa wale wasiolipa. Kabla kikao cha kwanza hakijafika, zamu ya Spesioza ilifika. Alipanda basi la kambini, na dirishani akanyoosha kipande cha boksi alichoandika siku na saa ya kikao changu, kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri. Sikumwona tena. Nilisikia kwamba baadaye alirudi Burundi. Popote alipo, Mungu amjalie watu wa kumpa chakula cha moto.

Nyumbani kwetu mtandao haushiki vizuri. Ulishika Bangwe, kwenye yadi ya boti, na palipokuwa na faragha pale ni ndani ya boti lenyewe. Filbert na wenzake walikuwa wanaunda boti kubwa la wavuvi wa dagaa, mbao za ubavuni zimefika kifuani. Nikapanda kwa ngazi, nikakaa juu ya maranda, nikaegemeza simu kwenye kipande cha mbao. Filbert aliwaomba mafundi waache kugonga kwa saa moja kila Jumamosi. Walikubali, wakaenda kunywa chai, na mpaka leo sijui aliwaambia nini. Simu ikaandika kwamba nisubiri, mwenyeji ataniingiza. Nikacheka peke yangu. Hata kwenye simu kuna benchi.

Nilitarajia Bi Zuhura atanipoza roho. Hakunipoza. Nilipomuuliza kama kweli inawezekana mtu akafa kwa ugali wangu, alitabasamu akasema, "Hilo swali umeshajibiwa mara ngapi?" Kisha tukaandika pamoja vitu vinavyonitisha, kuanzia kidogo hadi kikubwa, kumi. Cha kwanza ni kumpa Filbert chai bila kuionja. Cha kumi ni kumpa Yusta ugali wa muhogo, asubiri dakika sifuri, na mimi nisimuulize kitu mpaka kesho.

Nilimwambia cha kumi hakiwezekani. Akasema hatukifanyi leo, leo tunafanya chai.

Chai ile ilinichukua wiki. Nilimpa Filbert kikombe nikatoka nje nikashika ukuta. Woga ulipanda mpaka masikioni, na kazi yangu ilikuwa kuuacha upande bila kuutafutia jibu. Hakuna aliyeniambia kwamba woga, ukiachwa bila kulishwa, huchoka wenyewe. Hauchoki haraka. Lakini unachoka, na mara ya kwanza ulipochoka nikiwa nimeshika ukuta ule nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo.

Kikao cha nne Bi Zuhura alimtaka Filbert. Akapanda botini na misumari mfukoni, tukabanana mbele ya simu. Aliambiwa kwamba kila jibu zuri alilonipa kwa upendo lilikuwa likiulisha ugonjwa, si mimi. Kuanzia siku hiyo nikimuuliza kama ataamka salama, ajibu neno moja tu: sijui. Usiku ule nilimuuliza. Akasema, "Sijui, Mama Yusta," na sauti yake ikakatika. Sijawahi kuambiwa neno gumu namna ile na mtu anayenipenda, na nataka ajue, maana atasoma hapa, kwamba lilinisaidia.

Tulianza kiangazi, upepo wa ziwa ukipeperusha maranda usoni. Baada ya kikao cha sita boti liliingizwa majini, tukahamia jingine ambalo lilikuwa mkuku, yaani uti wa chini, na mbavu tu, kila mpita njia ananiona. Mvua za kwanza ziliponyesha, kumbikumbi wakatoka, nikawakaanga nikawagawia watoto wa jirani kwa mkono wangu bila kuonja. Hiyo ilikuwa namba saba. Vidole vyangu vilianza kufunga nyufa. Pete ikarudi kidoleni, inacheza kidogo, lakini haidondoki. Kuna siku mtandao ulikwama na Bi Zuhura akabaki mdomo wazi, mkono hewani, kwa muda mrefu, na nilipogundua kwamba nimekaa dakika kumi nikimtazama bila kufikiria sumu, nilifurahi kuliko kikao chenyewe.

Sasa nikueleze kosa, maana lilitaka kuniharibia kila kitu. Kikao cha tisa Bi Zuhura alisema tuache mizunguko ya asubuhi. Wiki nzima nisiende kwa mtu kuhakikisha. Nikakubali, nikatekeleza kama askari. Na kwa kuwa nilikuwa nampigia mama mkwe simu kila siku saa kumi na mbili asubuhi, nimsalimie nisikie na kikohozi cha Yusta, nikaacha na hiyo. Sikumweleza Bi Zuhura salamu ni nini kwetu, wala yeye hakuuliza. Siku ya tatu jirani alinisimamisha kisimani akaniuliza wamenikosea nini. Mzee mmoja alituma ujumbe kwamba kama nimehama dini niseme. Siku ya tano mama mkwe alimpigia Filbert.

"Mkeo ameota mapembe," alimwambia. "Mtoto hatoki hapa."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili shule zifungwe, na tulikuwa tumeahidiana kwamba likizo ile Yusta atarudi nyumbani tujaribu. Nililia ndani ya boti mpaka simu ikalowa. Nilipomweleza Bi Zuhura akasema, "Nisamehe. Hili sikulijua. Nifundishe." Nikamfundisha. Alivyosikiliza, akiandika, akiuliza nani anamsalimia nani kwanza, ndivyo nilivyoanza kumpenda hasa. Tukakubaliana nisalimie kama watu wasalimiavyo: ninayekutana naye, mara moja, bila kuhesabu vichwa. Lakini kwa mama mkwe ilibidi kwanza nikaseme kweli. Hilo halikuwa kwenye orodha yetu ya vitu kumi, na lilinitisha kuliko vyote.

Nilifika Ilagala saa nne asubuhi. Yusta alikuwa shuleni. Mama mkwe alikuwa uwanjani anamenya mihogo, miguu ameinyoosha. Nilikunja magoti nikamsalimia, akaitikia bila kuniangalia. Nikakaa chini nikamwambia yote, tangu pipa la mihogo iliyooza mpaka mtoto aliyekufa kliniki, mpaka simu za saa kumi na mbili. Nikamweleza na sharti la matibabu, kwamba mtu asinihakikishie kitu. Alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siku zote zile ulikuwa unatazama kama nimekufa."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nawaambia watu huyu ananipenda."

"Nilikuwa nakupenda, mama. Ndiyo maana niliogopa."

Akamenya mwingine. Nilimwona anapangusa jicho kwa mgongo wa mkono ulioshika kisu, na nikataka kumwonya asijikate, nikanyamaza.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "unga uko kwenye debe. Mihogo yake nimeloweka mwenyewe, siku sikuhesabu. Kapike."

Nilipika. Mwiko ukagonga sufuria. Harufu ya muhogo ilinijaa puani na kichwa kikaanza maneno yake: ramba kidogo tu, ncha ya ulimi tu, nani atajua. Sikuramba. Yusta alirudi shuleni, meno mawili ya mbele hana, ameongezeka urefu, akanikumbatia kiunoni akaniuliza kama nimekuja kukaa. Tukanawa tukakaa mkekani, ugali katikati, mgebuka pembeni. Halafu mtoto akafanya jambo lililonivunja moyo. Aliweka mikono mapajani, akanitazama mdomoni. Alikuwa anasubiri nionje, kisha asubiri niseme sasa. Miezi yote ile kwa bibi yake hakuwa amesahau.

Mama mkwe hakungoja mtu aonje. Yeye mtu mzima wa zamani, ambaye hangegusa chakula cha mtu bila mwenye kukipika kutangulia, alinyoosha mkono akamega tonge kubwa, akachovya, akala. Wala hakunitazama.

"Kula, mwanangu," nikamwambia Yusta.

Akala. Alikula tonge baada ya tonge, mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na mimi nikala nao cha moto, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miaka miwili.

Tangu siku hiyo misimu kadhaa imepita, na Yusta yuko nyumbani kwetu. Sikudanganyi kwamba mawazo yamekwisha. Yanakuja, hasa nikichoka au mvua ikinyesha siku nyingi makopa yasikauke. Yanapiga hodi na mimi siendi kufungua. Vikao na Bi Zuhura vilikwisha boti la tatu likiwa linazibwa pamba kwenye maungio, na sasa tunaandikiana mara moja moja. Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Nawashukuru mafundi wa Bangwe kwa chai zao ndefu. Namshukuru yule mama aliyenishika mkono siku ya msiba wake. Wewe unayesoma, tafuta mtu anayeutibu huu hasa, hata kama yuko upande mwingine wa nchi, na ukimpata mweleze na mila zenu, usione haya. Na kama unaishi na mgonjwa, jifunze kusema sijui kwa upole.

Lakini asubuhi iliyofuata pale Ilagala nimeibakiza makusudi nimalizie nayo.

Yusta alilala na bibi yake chumba cha pili. Ilikuwa Jumamosi. Kulipopambazuka nilisikia mama mkwe akitoka na jembe, akapita mbele ya mlango wangu bila kukohoa wala kuita, na baadaye aliniambia alipita kimya akikumbuka sharti langu. Nikabaki na nyumba iliyonyamaza. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Kichwa kikaniambia nenda, mara moja tu, mtazame kifua kama kinapanda. Nikachukua ufagio nikatoka nje. Nilifagia uwanja, nikaumaliza, nikaufagia tena. Jua lilifika kwenye paa la jikoni. Sikuwa na uhakika wa kitu chochote, na nilikaa nako hivyo hivyo, huko kutojua, ufagio mkononi.

Mlango ukalia. Yusta akasimama kizingitini, kanga ya bibi yake imemfunika mabega, jicho moja bado limefumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akajikuna tumbo, akatazama upande wa jikoni.

"Ule ugali wa jana umebaki?"

"Umebaki," nikamwambia. "Kachukue mwenyewe."